Kuipasua namba kubwa kwa kalamu tu: 720,720 ya kikoba cha mama mdogo, Kibirizi

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili, saa tatu usiku hivi, mama mdogo akanipigia simu, "baba, njoo na kalkuleta yako, hii ya kwangu imeharibika." Nikatoka Mwanga nikadaka bodaboda mpaka Kibirizi, kote ni hapahapa Kigoma mjini, nafika nakuta akina mama wamekaa mkekani, daftari katikati, wanavunja kikoba. Hawa ni wauza dagaa, wanachanga kidogo kidogo, kukiwa na giza wavuvi wanaingia ziwani na michango inakuja vizuri, mbalamwezi ikitoka hakuna dagaa hakuna mchango, kwa hiyo hela yao haijawahi kuwa namba iliyonyooka. Salio kwenye simu baada ya makato yote lilikuwa sh 720,720.

Wanachama 16. Gawanya, kila mtu 45,045, hakuna baki. Ila kuna mmoja alihamia Uvinza tangu katikati ya mwaka, wakasema huyo arudishiwe chake pembeni baadaye na asiingie kwenye mgao, haya piga kwa 15, ikaja 48,048, hakuna baki. Mwingine akadakia kama huyo hayumo basi na fulani asiwemo maana kachanga miezi miwili tu, piga kwa 14, ikaja 51,480, hakuna baki tena. Mwenyekiti kwa hasira akapiga kwa 13 akapata 55,440, akapiga kwa 12 akapata 60,060, na hapo ndo mama mdogo akaamua kalkuleta imekufa, maana tangu lini hela ya watu ikagawanyika kila unavyotaka?

Kalkuleta ilikuwa nzima kabisa. Ni namba yenyewe ndo ina tabia hiyo, na usiku ule nilikaa na kalamu nikawaonyesha kwa nini, wengine wakasinzia lakini mama mdogo alifuata mpaka mwisho. Basi hapa chini nakupa njia ileile niliyotumia, unaweza kuitumia kwa namba yoyote kubwa, iwe ya risiti, ya deni au ya mtihani. Unahitaji karatasi, kalamu, na kuzijua namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) angalau mpaka 100. Kalkuleta weka pembeni kwanza, utaitaka tukifika kwenye namba jirani, 720,719 na 720,721.

Hatua ya kwanza: iangalie kabla hujaigusa

Watu wengi wakiona tarakimu sita wanakimbilia kugawanya kwa 2 mpaka basi. Tulia kwanza. Angalia mkia wake, angalia jumla ya tarakimu zake, angalia kama kuna kitu kinajirudia.

Mkia wa 720,720 ni sifuri, kwa hiyo 2 na 5 zimo. Tarakimu tatu za mwisho ni 720, inagawanyika kwa 8, basi namba nzima inagawanyika kwa 8 (elfu moja inagawanyika kwa 8, kwa hiyo vya mbele havina neno). Tarakimu nne za mwisho ni 0720, 720 kwa 16 ni 45, basi 16 nayo imo. Tarakimu tano za mwisho, 20,720, ukizigawa kwa 32 unapata nusu inaning'inia, basi 32 haimo. Umeshajua kwamba 2 zimo nne tu na hujaandika hata mstari mmoja.

Jumla ya tarakimu: 7+2+0+7+2+0 ni 18. Inagawanyika kwa 9, basi namba nayo inagawanyika kwa 9.

Sasa lile la kujirudia, na hapa ndo patamu. 720,720 ni 720 imeandikwa mara mbili, maana yake ni 720 elfu kujumlisha 720, yaani 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13, hii iweke kichwani kama namba yako ya simu. Kwa hiyo namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, bila kujali ni ipi, lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Jaribu na vijana wa bodaboda kijiweni: mwambie achukue tarakimu tatu za kwenye plate yake, aziandike mara mbili, agawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, jibu aligawanye kwa 13, atarudi palepale kwenye plate yake. Nimeshakunywa chai ya bure kwa huo mchezo zaidi ya mara moja.

Na kama namba haijirudii? 1,001 bado inakusaidia. Gawa namba makundi ya tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa kundi moja kwa jingine. Mfano 482,391: 482 toa 391 ni 91. 91 ni 7 × 13, basi 482,391 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, ila kwa 11 haigawanyiki kwa sababu 91 haigawanyiki kwa 11. Umepima namba tasa tatu kwa kutoa mara moja. Kwa 720,720 ukitoa 720 kwa 720 unapata sifuri, na sifuri inagawanyika kwa zote tatu. Makundi yakiwa matatu unatoa na kujumlisha kwa kupokezana, la kwanza toa la pili jumlisha la tatu. Sijui kwa nini hii haifundishwi shule kwa msisitizo, mimi nilijifunzia mtaani.

Hatua ya pili: ishushe ngazi

Hii kila mtu aliifanya shule ya msingi kwenye kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), unagawanya kwa namba tasa ndogo mpaka ikatae, unahamia inayofuata:

720,720 kwa 2 ni 360,360
kwa 2 ni 180,180
kwa 2 ni 90,090
kwa 2 ni 45,045
kwa 3 ni 15,015
kwa 3 ni 5,005
kwa 5 ni 1,001
kwa 7 ni 143
kwa 11 ni 13
kwa 13 ni 1

Ona zinavyoshuka, 45,045, 15,015, 5,005, 1,001, kama wimbo vile. Kwa hiyo namba yetu ni 2 mara nne, 3 mara mbili, halafu 5, 7, 11 na 13 moja moja. Andika hivi: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Huu mstari utunze, piga mduara kabisa, maana kuanzia hapa chini kila kitu kinatoka humo, na ukikosea hapa utakosea mpaka mwisho. Wanafunzi wangu wa tuisheni ninaowakuta wamepotea, tisa kati ya kumi wamepotelea kwenye ngazi na sio kwenye hesabu za mbele.

Kila namba nzima kuanzia 2 ina mstari wake mmoja tu wa namna hii. Ukianza kugawanya kwa 13 badala ya 2 utafika palepale. Ni kama alama ya kidole.

Hatua ya tatu: hesabu vigawo bila kuviorodhesha

Swali la mama mdogo lilikuwa "sasa inagawanyika kwa namba ngapi hii?" Ukianza kuorodhesha mpaka alfajiri hujamaliza. Njia ni hii. Kigawo chochote cha 720,720 unakitengeneza kwa kuokota kutoka kwenye ule mstari. Za 2 unaweza kuokota hakuna, moja, mbili, tatu au nne, hizo ni namna 5. Za 3 unaokota hakuna, moja au mbili, namna 3. Ya 5 unaichukua au unaiacha, namna 2. Ya 7 vilevile, ya 11 vilevile, ya 13 vilevile. Zidisha namna zote: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Vigawo 240. Kanuni kwa kifupi: chukua kila kipeo (ile namba ndogo ya juu), ongeza 1, zidisha vyote. Ijaribu kwanza kwa kitu kidogo ili uiamini, 12 ni 2² × 3, vipeo ni 2 na 1, ongeza moja moja unapata 3 × 2 = 6, na kweli vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6, 12. Nilimwambia mama mdogo, zile zinaitwa namba tasa kwa sababu hazina watoto, hii ya kwenu ni mzazi wa kijiji kizima, akacheka akasema basi iitwe bibi.

Ndo maana mgao ulikubali kila idadi ya watu. 720,720 ni KDS ya namba zote kuanzia 1 mpaka 16, yaani hakuna namba ndogo kuliko hiyo (ukiacha sifuri) inayogawanyika kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea mpaka 16 bila baki. Inakwama kwenye 17, ukigawa kwa watu 17 kila mmoja anapata 42,395 na shilingi 5 zinabaki zinalia. Halafu 18 inakubali tena, 40,040. Kwa hiyo kati ya 1 na 18 aliyekataliwa ni 17 peke yake. Ukitaka kumuingiza na yeye inabidi uzidishe yote kwa 17, unafika 12,252,240, milioni kumi na mbili kwa ajili ya mtu mmoja.

Hatua ya nne: iweke kwenye kundi lake

Wagiriki wa zamani walikuwa na utani wa kuzipanga namba kwa tabia, unachukua vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, unajumlisha, unalinganisha. Jumla ikiwa pungufu ya namba, hiyo ni namba pungufu. Ikiwa sawasawa, ni namba timilifu, nazo ni adimu, 6, 28, 496, 8,128 halafu unasubiri mpaka milioni 33 na ushee. Jumla ikizidi, ni namba ya ziada.

Usijumlishe vigawo 240 kimoja kimoja, utazeeka. Rudi kwenye mstari wa mduara. Kwa kila namba tasa anza na 1, jumlisha na yenyewe, na mraba wake, na kuendelea mpaka kipeo chake kiishe:

za 2: 1+2+4+8+16 = 31
za 3: 1+3+9 = 13
ya 5: 6, ya 7: 8, ya 11: 12, ya 13: 14

Sasa zidisha taratibu. 31 × 13 = 403. Mara 6 ni 2,418. Mara 8 ni 19,344. Mara 12 ni 232,128. Mara 14 ni 3,249,792. Hiyo ndo jumla ya vigawo vyote pamoja na yenyewe. Toa yenyewe 720,720, inabaki 2,529,072. Yaani vigawo vyake vinaizidi yenyewe mara tatu na nusu. Hii sio ya ziada tu, imefurika.

Jaribu kwa 6 uone kanuni haidanganyi: 6 ni 2 × 3, (1+2) × (1+3) ni 12, toa 6 inabaki 6. Timilifu. Kwa 12 unapata 7 × 4 = 28, toa 12 inabaki 16, ya ziada.

Hatua ya tano: mraba na njia ya Fermat

Je, 720,720 ni mraba wa namba nzima? Kwenye namba ya mraba vipeo vyote lazima viwe shufwa, sisi tuna 4 na 2 sawa, lakini halafu 1, 1, 1, 1. Sio mraba. Swali la mtihani linalopendwa: izidishe kwa namba gani ndogo kabisa ili iwe mraba? Zipe wenza zile za pekee, 5 × 7 × 11 × 13 = 5,005. Jibu 5,005, na kipeuo cha pili cha matokeo ni 60,060. Hakuna kubahatisha hapo.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho mimi mwenyewe kilinishangaza nilivyokifanya mara ya kwanza. Mwanasheria mmoja wa Ufaransa karne ya 17, Pierre de Fermat, alikuwa na njia yake ya kupasua namba bila ngazi. Unatafuta mraba ulio juu kidogo ya namba yako, unatoa, ukipata mraba mwingine umemaliza. Kipeuo cha pili cha 720,720 ni kama 848 na ushee, basi panda mpaka 849. 849 × 849 = 720,801. Toa 720,720, inabaki 81. Na 81 ni 9 × 9! Kwa hiyo namba yetu ni 849² toa 9², na mraba toa mraba unavunjika kuwa (849 − 9) × (849 + 9), yaani 840 × 858.

Jaribio la kwanza tu. Kwa kawaida unapanda 850, 851, 852 unapata mabaki ya ovyo mpaka unachoka, hii imekuja yenyewe kama mgebuka umerukia mtumbwini. Halafu hao 840 na 858 ndo jozi ya katikati kabisa, hakuna kigawo kingine kati yao, vigawo vile 240 vimepangana jozi 120 na hii ndo ya mwisho kukutana.

Majirani, na aibu yangu

Hapa ndo mimi nilichemka mbele ya watoto wa fomu tuu. Niliwaambia hivi: 720,720 inagawanyika kwa kila kitu kidogo, kwa hiyo jirani yake 720,721 haiwezi kugawanyika kwa 2, wala 3, wala 5, 7, 11, 13, maana kitu kinachogawanya namba mbili zinazofuatana lazima kigawanye tofauti yao ambayo ni 1. Mpaka hapo niko sahihi. Halafu nikamalizia kwa kujiamini, "kwa hiyo 720,721 ni namba tasa." Binti mmoja wa nyuma akanyamaza dakika kumi, akanyoosha mkono, "mwalimu, mbona 71 inaingia?"

Inaingia kweli. 71 × 10,151 = 720,721. Na upande wa chini, 720,719 ni 31 × 67 × 347. Wote wawili sio tasa.

Kosa langu ni la wengi, hata ile hoja ya Euclid, Mgiriki wa zamani, ya kwamba namba tasa hazina mwisho watu huwa wanaikumbuka vibaya. Euclid anasema ukizidisha namba tasa ulizonazo ukaongeza 1 utapata namba ambayo vigawo vyake tasa ni vipya, hakusema namba hiyo yenyewe ni tasa. Jaribu 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 = 30,030, ongeza 1, 30,031 ni 59 × 509.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama jirani ni tasa, hakuna njia ya mkato, unapima, ila unapima kwa akili na hapa ndo kalkuleta inarudi mezani. Kwanza, namba tasa mpaka 13 ziruke, zimeshakataliwa. Anza na 17. Pili, ukomo wako ni 848, kwa sababu 849² imeshapita 720,721, na namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kwa 720,719 unapiga 17, 19, 23, 29, halafu 31 inakubali, ni jaribio la tano tu. Kwa 720,721 unakwenda mpaka jaribio la 14 ndo unakutana na 71, wengi wanakata tamaa kwenye 50 na kitu.

Na ukishapata 10,151 usianze upya. Chochote kinachoigawa 10,151 kingeigawa 720,721 pia, na chini ya 71 umeshapima vyote vimekataa. Ukomo mpya ni 100, kwa sababu 101² ni 10,201. Basi zimebaki 71, 73, 79, 83, 89 na 97, sita tu. Zote zinaacha baki. 10,151 ni tasa, umemaliza. Hii ya kupunguza kazi kwa kukumbuka ulichokwisha kupima ndo inatofautisha mtu anayejua hesabu na mtu mwenye kalkuleta nzuri.

Mambo madogo madogo, upitie haraka

Tarakimu zake jumla ni 18, na 720,720 kwa 18 ni 40,040 kamili. Namba inayogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake mwalimu mmoja wa shule wa India, D. R. Kaprekar, aliipa jina la harshad, kwa Kisanskriti ni mleta furaha. Kwa akina mama wa Kibirizi usiku ule jina lilifaa.

Kwa lugha ya kompyuta, ya 1 na 0, inaandikwa 10101111111101010000. Sifuri nne za mwisho ni zile 2 nne za kwenye ngazi, hazikuja kwa bahati.

Namba ngapi chini yake hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Chukua 720,720, bakiza nusu, kisha theluthi mbili, kisha 4/5, 6/7, 10/11, 12/13. Inakuja 138,240. Kati ya kila kumi ni kama mbili tu ambazo hazina undugu nayo.

Inashika nafasi ya ngapi?

Hili ndo swali nalolipenda kuliko yote. Srinivasa Ramanujan, yule Mhindi aliyekwenda Cambridge, mwaka 1915 alitoa makala ndefu juu ya namba zinazovunja rekodi ya vigawo, yaani namba ambayo hakuna yoyote ndogo kuliko yenyewe yenye vigawo vingi hivyo au zaidi. 720,720 imo. Rekodi kabla yake ilishikwa na 665,280 yenye vigawo 224, na rekodi inayofuata ni 1,081,080 yenye 256. Maana yake chini ya milioni moja hakuna namba inayoipita 720,720, wa kufungana nayo wapo, kama 831,600, lakini wote ni wakubwa kuliko yeye.

Kwa nini yeye? Angalia tena mstari wa mduara, vipeo vinashuka 4, 2, 1, 1, 1, 1, na namba tasa zimefuatana bila kuruka. Sio urembo. Chukua ile 13 uitoe uweke 17: 55,440 × 17 = 942,480, vigawo ni vilevile 240 lakini namba imenenepa bure. Ukiruka namba tasa ndogo ukaenda kuchukua kubwa, umenunua kitu kilekile kwa bei ya juu. Na vipeo vikubwa wape wadogo kwa sababu 2 ni rahisi kuliko 13, kuongeza 2 moja namba inakuwa maradufu tu, kuongeza 13 moja inazidi mara kumi na tatu. Hapa muuza dagaa yeyote anaelewa kabla hujamaliza kueleza.

Sasa linganisha na 720,000. Kwa macho hiyo ndo namba iliyonyooka, si ndio? Ishushe ngazi: 2⁷ × 3² × 5⁴. Vigawo 8 × 3 × 5 = 120. Nusu! Haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Na milioni moja yenyewe, ile ambayo kila kikundi kinaiota, ni 2⁶ × 5⁶, vigawo 7 × 7 = 49 basi. Haigawanyiki hata kwa 3. Sifuri nyingi zinapendeza kwenye daftari ila kwenye mgao ni bahili. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishaliona hili zamani, mji wake wa kufikirika aliupangia kaya 5,040, kwa sababu 5,040 ina vigawo 60 na unaweza kugawa ardhi na kazi kwa idadi yoyote kuanzia 1 mpaka 10. Ile nayo imo kwenye orodha ya Ramanujan.

Usiku ule waliishia kugawa kwa 16, aliyehamia Uvinza akapewa na yeye maana mwenyekiti alisema ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu 2024 yule ndo aliwakopesha. 45,045 kila mtu. Halafu wakaanza kupanga lengo la mwaka huu, wengi wakasema milioni, nikawaambia milioni kwa watu 16 inakubali, 62,500, lakini mmoja akitoka mkabaki 15 mnapata 66,666 na baki 10, mkibaki 14 baki 8. Mimi kwa kujifanya mjuzi nikawaambia lengeni 1,081,080, hiyo ndo rekodi inayofuata, vigawo 256.

Mama mdogo akapiga kalkuleta ileile iliyokufa. "Baba, mbona kwa 16 inabaki 8?"

Nikarudi kwenye ngazi yangu. 1,081,080 ni 2³ × 3³ × 5 × 7 × 11 × 13. Ina 2 tatu tu, wakati 16 inataka nne. Vigawo ni vingi zaidi ila 16 sio mmoja wao. Nikaandika upya, nikachukua yao ya zamani nikazidisha mara 2, 1,441,440, hiyo ina vigawo 288 nayo imo kwenye rekodi, na kwa watu 16 kila mmoja 90,090. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaiandika juu ya jalada la daftari, akaipigia mistari miwili chini.